Majina Manne ya Bi. Mwanaasha

Alhamisi, tarehe 30 Septemba 1999, Bi. Mwanaasha Pazi anastaafu baada ya kukitumikia Kiwanda cha Uchapaji cha Bandali, hapa Chang'ombe, kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Miezi hiyo minne ameisisitiza mwenyewe. Nilipompelekea rasimu ya kwanza nilikuwa nimeandika miaka thelathini na mitatu tu, akanirudishia karatasi na kuniambia kwamba miezi minne ya mtu haitupwi. Kwa hiyo msomaji ajue tangu mwanzo kwamba tarehe zote humu amezikagua mwenyewe, na kosa lililobaki ni langu.

Mie ni Revelian, msimamizi wa ofisi. Kamati ya sherehe ilinipa kazi hii kwa sababu nimekaa na Bi. Mwanaasha meza kwa meza kwa miaka kumi na minane. Waliniomba pia niandike mambo ya furaha tupu. Nimejitahidi, ila nawaomba radhi mapema wanakamati, maana katika utumishi wa mama huyu kuna jambo moja ambalo siwezi kuliruka.

Bi. Mwanaasha alizaliwa Mtoni mwaka 1944, binti wa mzee Pazi, seremala aliyejulikana kwa vitanda vyake na kwa ukali wake. Aliingia hapa Juni 1966 akiwa msichana wa kukunja kurasa za madaftari ya shule. Wakati huo kazi yote ilikuwa madaftari na fomu za serikali, na sifa yake ya kwanza ilikuwa kuhesabu karatasi kwa kidole gumba bila kutazama. Mwaka 1974 ililetwa mashine ya kuhesabu. Siku ya majaribio mashine ilisema karatasi mia nne tisini na sita, Bi. Mwanaasha akasema mia tano. Zikahesabiwa moja moja mezani, mbele ya fundi aliyeileta, zikawa mia tano kamili. Fundi alisingizia umeme.

Miaka ya themanini ilipokuwa inaelekea ukingoni na biashara ikaachiwa huru, mambo hapa yaligeuka. Kila mwenye sufuria na chupa alitaka lebo. Watu walikuja kutoka Mbagala na sabuni ya magadi, kutoka Kigamboni na mafuta ya nazi, kutoka Mwananyamala na pilipili ya kusaga, na kila mmoja alikuwa na jina lake mdomoni. Siku moja mwaka 1988 wateja wawili wasiojuana walikutana kwenye benchi letu la kungojea, kila mmoja akitaka sabuni yake iitwe kwa jina lile lile. Ugomvi wao uliishia kwenye karakana ya wino, na kanzu ya mmoja wao haikuwahi kurudi kuwa nyeupe.

Mzee Abid Bandali, mwenye kiwanda, alikuwa mtu mpole asiyependa kelele. Kesho yake alimwita Bi. Mwanaasha na kumpa kazi ambayo haikuwa na cheo. Lebo isichapwe mpaka yeye ahakikishe jina halina mwenyewe. Likiwa wazi, alipeleke mjini kwa msajili wa majina ya biashara, aliandikishe kwa jina la mteja. Likishaandikishwa, aliangalie madukani lisiibwe. Ndivyo lilivyozaliwa lile tuliloliita dawati la majina, ambalo kwa miaka kumi na moja lilikuwa na mfanyakazi mmoja, makasha sita ya kadi, na mkoba uliojaa chupa tupu.

Chupa hizo zilitutoa kicheko. Bi. Mwanaasha alikuwa akizunguka Kariakoo na Tandika akisoma lebo, na akiona jina linalofanana mno na la mteja wetu, anainunua ile bidhaa, anaimimina nyumbani, na kesho yake chupa iko mezani kwake kama ushahidi. Kuna mwaka wapangaji wenzake wote pale Temeke Mikoroshini walipika kwa mafuta ya wezi wa majina. Msemo wake kwa kila mteja ulikuwa mmoja: mali bila daftari hupotea bila habari. Tena alikuwa akisisitiza jina liandikwe la mwenye mali hasa, si la shemeji mwenye gari wala la mjomba anayejua Kiingereza. Namwomba msomaji aliweke hilo akilini.

Jina zuri kwake lilikuwa lile ambalo mtu anaweza kutumwa dukani nalo likafika. Hakulikadiria kichwani, alilijaribu. Alikuwa akimwita Romani, mpishi wetu wa chai, anamwambia jina mara moja tu, kisha anamtuma nalo mpaka chumba cha mashine, kwenye kelele zote zile. Romani akifika nalo, jina limefaulu. Mimi niliwahi kupendekeza jina la sabuni lenye maneno matatu, na bado naliona zuri. Romani alirudi mara mbili njiani kuuliza, mara ya tatu akaamua kwenda zake jikoni. Chumba kizima kilicheka wiki nzima. Nilicheka nao, lakini nakiri kwamba lilinikaa moyoni kuliko lilivyostahili.

Sasa niseme habari ya intaneti, ambayo wengi wenu mmeisikia nusunusu.

Julai 1996, kwenye maonyesho ya Sabasaba, tulikuwa na kibanda chetu cha kadi za harusi. Jirani yetu walikuwapo vijana wenye kompyuta, wakionyesha hiyo intaneti, na watu walijazana kuona picha zinavyoteremka polepole kama pazia. Bi. Mwanaasha hakuuliza picha. Aliuliza yale majina ya anwani yanaandikwa na nani, nani anaruhusiwa, wakija wawili itakuwaje, na jina likiisha muda mtu anajuaje. Kijana alimjibu kwamba anayetangulia ndiye mwenye nalo, kwamba linaandikishwa kwa miaka miwili kisha linahuishwa kwa ada, na kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza siku hiyo kuuliza hayo. Alirudi kibandani kwetu na uso wa mtu aliyeonyeshwa kiwanja cha bure Kariakoo.

Kwa wiki kadhaa alijaza daftari. Aliandika majina zaidi ya mia moja, akayapunguza, akamtuma Romani kwa yaliyobaki. Hoja yake ilikuwa nyepesi: leo huko wapo Wazungu, lakini ipo siku Waswahili nao watafika, na wakifika watatafuta vitu vyao kwa lugha yao. Kijana mmoja wa mjini alimshauri aandikishe majina ya makampuni makubwa kabla wenyewe hawajaamka, kisha awauzie. Alimkatalia hapo hapo. "Hilo siyo jina umelitafuta, mwanangu," alimwambia. "Hilo ni mlango wa mtu umeusimamia." Mwishowe alibaki na majina manne, yote maneno ya kawaida ya nyumbani na sokoni: vitenge, karafuu, mikeka na harusi, kila moja na nukta com yake.

Ada haikuwa ndogo. Bi. Mwanaasha ana kiwanja Mbagala Kizuiani alichokinunua mwaka 1991, na msingi wa vyumba vinne aliouweka miaka miwili baadaye. Tangu hapo alikuwa akiweka fedha ya tofali. Fedha hiyo ndiyo aliyoitoa. Watu walimshangaa, mie nikiwa wa mbele. Nilimwambia kwamba tofali hata likikaa mvuani linabaki tofali. Alinijibu kwamba tofali moja halizai kuta, lakini jina moja likipata mwenye kulitaka litajenga nyumba nzima. Alikuwa amekadiria miaka mitatu, ili akistaafu ahame moja kwa moja kutoka vyumba vya kupanga kwenda kwake.

Kulipia kulihitaji dola, faksi, na saini ya mtu mwenye akaunti ya fedha za kigeni, na vyote hivyo alikuwa navyo Mzee Bandali peke yake. Mzee alipokea shilingi zake, akakubali kutuma. Fomu nilizipiga chapa mimi. Tulipofika kwenye nafasi ya mwenye jina, nilinyanyua macho nikauliza niandike nani. Bi. Mwanaasha, aliyekuwa amewakemea wateja kwa miaka minane juu ya jambo hilo hilo, akasema niandike Mzee. Aliona haya. Mtu atampaje mkubwa wake karatasi aisaini, aitume kwa akaunti yake, huku jina la karani limekaa juu ya la kwake. Kinyozi hajinyoi. Mzee Bandali alicheka, akasema mbele yangu: "Mwanaasha, haya majina yako. Mie nakushikia tu. Siku unastaafu nakuandikia barua, unaondoka nayo." Fomu zilikwenda, na tarehe 9 Oktoba 1996 majina yote manne yakawa yetu, yaani yake Bi. Mwanaasha.

Mei 1998 alikuja mtu. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa kule Leicester alituma faksi akilitaka jina la vitenge. Mzee alimwita Bi. Mwanaasha, wakaandika jibu pamoja, wakavutana na yule mama mpaka Julai, na bei waliyofikia ilitosha kuta na paa. Sikumwona Bi. Mwanaasha akiruka wala kupiga vigelegele, ila alianza kuniuliza bei za milango. Mnunuzi alitaka jina likiwa na muda mpya mbele yake, kwa hiyo wakakubaliana lihuishwe kwanza Oktoba, ndipo likabidhiwe. Kilichokuwa kinangojwa ni fomu ya kuhuisha, ambayo ingekuja kwa faksi ya Mzee ikiwa na namba yake ya siri. Anayerudisha fomu yenye namba hiyo pamoja na ada, kabla ya tarehe 9 Oktoba, jina linabaki kwake. Asiyerudisha, jina linafunguliwa kwa yeyote.

Mzee Bandali alifariki Ijumaa, tarehe 11 Septemba 1998. Mungu amrehemu. Hamna mfanyakazi hapa asiyekumbuka siku ile.

Baada ya maziko, binti yake, Bi. Gulbahar, ambaye ndiye mkurugenzi wetu sasa, alinikabidhi ufunguo wa chumba cha baba yake. Aliniambia nifunge mpaka wamalize arobaini, watu wasiingie ovyo kupekua vitu vya marehemu. Hayo tu. Mie ni Mhaya wa Kamachumu, Mkatoliki, arobaini si mila niliyozaliwa nayo kwa namna ile. Lakini nilipopewa ufunguo ule nililia kuliko mfiwa. Nilijitungia sheria kwamba chochote cha Mzee kisishikwe, kisisomwe, kisihamishwe, mpaka siku ya arobaini itimie. Barua za posta zilizokuja kwa jina lake nilizisukuma chini ya mlango kwa mkono wangu mwenyewe, nikijiona mwaminifu kweli kweli.

Mashine ya faksi ilikuwa ndani ya chumba hicho.

Wote tuliokaa ofisini siku zile tuliisikia. Inalia, inakoroma, karatasi inatoka, kisha kimya. Tarehe 22 Septemba ililia tukiwa kwenye chai. Bi. Mwanaasha aliweka kikombe chini, akaja mezani kwangu, akasema kwamba huenda hiyo ndiyo fomu yake, nimfungulie aichukue. Nilimjibu kwamba hatuwezi kugusa vitu vya marehemu kabla ya arobaini. Aliniangalia kwa mshangao. Yeye mtoto wa Kizaramo, aliyesoma madrasa Mtoni, anafundishwa arobaini na Revelian. Akaniambia kwa upole kwamba arobaini ni dua na chakula, haikatazi mtu kusoma barua. Nikaona amenivunjia heshima, na nadhani hata ile sabuni yangu ya maneno matatu ilinijia kichwani. Nikamwambia hata hivyo ufunguo hauko kwangu, uko Upanga kwa wafiwa.

Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa suruali yangu.

Alikuja tena tarehe 1 Oktoba. Nilimjibu vile vile. Siku hiyo alipanda gari mpaka Upanga, akakaa na wafiwa kutoka adhuhuri hadi alasiri, akarudi bila kuitaja fomu. Aliniambia baadaye kwamba midomo ilimwenda mara mbili, lakini mjane alikuwa ndani ya eda na Bi. Gulbahar alikuwa hajalala kwa siku kadhaa, na matangani hakuulizwi mali. Alikwenda pia mjini kwa wale vijana wa intaneti. Wakamwambia kwamba mwenye jina kwenye karatasi ni marehemu, wao hawawezi kumsaidia bila ile fomu yenye namba. Ada alikuwa ameshaiandaa, dola zile alizibadilisha mwenyewe na kuzitia kwenye bahasha.

Tarehe 8 Oktoba, Alhamisi, hakuniomba kitu. Alikaa kwenye benchi la wateja linaloelekea chumba cha Mzee, na mkoba wake mapajani, kuanzia chai ya saa nne mpaka kengele ya kutoka. Nilipita mbele yake mara nyingi tu. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, anapumzika.

Tulifungua Jumatano, tarehe 21 Oktoba, baada ya arobaini, mbele ya Bi. Gulbahar. Karatasi za faksi zilikuwa zimetapakaa sakafuni, nyingine zimejikunja chini ya kiti. Bi. Mwanaasha alipiga magoti akaziokota moja moja, akazipanga kwa tarehe, akazisoma akiwa amesimama dirishani. Zilikuwapo fomu nne, moja kwa kila jina. Zilifuatiwa na vikumbusho viwili, na karatasi ya mwisho ilikuwa ya tarehe 12, ikisema kwamba kwa kuwa hawakupata jibu, majina yameachiwa. Chini ya mlango zilikuwamo barua za posta zenye maneno yale yale. Bi. Gulbahar alinigeukia. "Bwana Revelian, nilikwambia ufunge chumba," alisema. "Sikukwambia ufunge kazi." Bi. Mwanaasha alikunja karatasi zake, akasema tu, "Basi, yamekwenda," akarudi dawatini kwake, kwa sababu kulikuwa na mteja wa achari anamngojea.

Kabla ya mwezi kwisha yote manne yalikuwa na mwenyewe mwingine, mtu wa nchi ya mbali ambaye sidhani kama aliwahi kufunga kitenge wala kukalia mkeka. Bi. Gulbahar alimwandikia mara tatu kwa gharama za kiwanda, akapata jibu moja, na bei iliyotajwa humo ilikuwa ya kutukejeli. Yule mama wa Leicester, tunasikia, alilipa. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo wanavyosema. Lakini Bi. Mwanaasha alikuwapo. Alikuwa hatua kumi kutoka kwenye fomu yake, na mlango mmoja.

Najua kamati inataka mafanikio, na yapo. Mtu mwingine angechukia majina maisha yake yote. Yeye, kuanzia Novemba ile, alianza kuwapitia wateja wetu mmoja mmoja, kuanzia Mbezi mpaka Mbagala Rangi Tatu, akiwaeleza hiyo intaneti kwa lugha ya mafuta ya nazi. Ameandikishia wateja kumi na wanane majina yao, na kila fomu imeandikwa jina la mwenye mali hasa, huku taarifa za kuhuisha zikienda kwa watu watatu tofauti. Hakuna hata moja lililopotea. Ndiye aliyeandikisha anwani ya kiwanda chetu, na ndiye aliyemwomba Bi. Gulbahar mashine ya faksi ihamishiwe ukumbini, mahali ambapo hata Romani anaisikia. Wiki iliyopita alimaliza kunakili makasha yote sita ya kadi, majina elfu moja mia tisa na kidogo, kwa ajili ya atakayerithi dawati. Hajasahau kuandika kwenye kila kadi siku ya kuhuisha, kwa wino mwekundu.

Zawadi yetu wafanyakazi ni mabati, bando mbili. Tulidhani ni siri, lakini tumefanya kazi na mtu asiyefichwa kitu. Ameshatushukuru. Aliuliza tu, kwa utani, yataezekwa juu ya nini. Kila mtu alicheka. Mie nilitoka nje.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwake Temeke Mikoroshini, na rasimu ya pili mkononi. Nilimwamkia, akaniandalia chai ya tangawizi, akavaa miwani, akaanza kukagua. Kwenye Oktoba 1998 nilikuwa nimeandika kwamba majina yalipotea kutokana na msiba. Kalamu yake ilisimama hapo. Nikaona sina tena pa kukimbilia, nikamwambia habari ya ufunguo, kwamba haukuwa Upanga hata siku moja. Nilidhani atashtuka. Hakushtuka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Revelian, baba," alisema, "hati za mshahara za Septemba zilitoka na muhuri. Na muhuri wa Mzee ulikuwa ukikaa kwenye droo yake. Mie nimesoma karatasi maisha yangu yote."

Alikuwa akijua tangu tarehe 30 Septemba ya mwaka jana. Alikuja kuniomba tarehe 1 Oktoba akijua. Alikaa kwenye benchi tarehe 8 akijua, nami nikapita mbele yake na ufunguo mfukoni, nikamuuliza kama anaumwa. Nilimuuliza kwa nini hakunisema kwa Bi. Gulbahar, ama mbele ya watu wote, jambo ambalo lingenifukuzisha kazi na ningestahili. Alijibu kwamba majina yasingerudi, na alikuwa akingoja nije mwenyewe. Kisha akanirudishia rasimu, akaniambia niandike vizuri pale, tena niweke tarehe.

Basi naandika. Jumanne, tarehe 29 Septemba 1998, saa moja na nusu asubuhi, kabla wenzangu hawajafika, mimi, Revelian, nilifungua chumba cha marehemu Mzee Bandali kwa ufunguo niliosema sina, kwa sababu mishahara ilikuwa inahitaji muhuri na mshahara wangu ulikuwamo. Karatasi za faksi zilikuwa sakafuni. Niliziona. Niliziruka nisizikanyage, nikachukua muhuri, nikaziruka tena, nikafunga. Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Bi. Mwanaasha, wafanyakazi wote wa Bandali wanakushukuru kwa kazi yako na wanakutakia maisha mema, afya njema, na siku nyingi za kuamka utakapo. Nami nakutakia hayo hayo. Radhi nimekuomba hapa kwenye karatasi, mbele ya kila mtu, kwa sababu faraghani ungeniambia yamekwisha, na mie nimeuona ule msingi wa Mbagala, majani yameshaota mpaka kwenye vyumba.